Kulala Katavi, kupiga mbizi Tanganyika: namna ya kumchagua mwenyeji na mtu wa boti

Mtu akipanga kwenda Katavi kwa likizo, wenzake humuuliza ataona wanyama gani. Jibu la hilo ni rahisi: ataona viboko wengi kuliko alivyowahi kufikiria, nyati kwa makundi makubwa, mamba, twiga, na akibahatika simba. Maswali mazito ni mengine. Nani atampokea? Atalala wapi? Atapanda gari la nani, na boti ya nani? Unguja ukiingia hoteli usiyoipenda, unatafuta gari unahamia ya jirani jioni hiyohiyo. Katavi ukikosea, jirani anaweza kuwa umbali wa nusu siku, na kiza kinaingia.

Mwongozo huu ni wa msafiri wa kwetu anayelipa kwa shilingi zake mwenyewe, awe anatoka Dar es Salaam, Mwanza, Tabora au Mbeya, au awe mkazi wa Mpanda anayetaka kuwatembeza watoto wake nchini mwao. Unahusu mji wa Mpanda, kijiji cha Sitalike, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha mwambao wa Ziwa Tanganyika kuanzia Ikola na Karema hadi visiwa vya Kipili. Visiwa hivyo viko Mkoa wa Rukwa, lakini mtu wa Mpanda anafika kwa gari, na huko ndiko anakoweza kuyaona maisha ya chini ya maji bila kwenda mpaka pwani. Kigezo changu ni kimoja na nitakirudia: mwenyeji wa kuaminika ni yule anayeweza kukukatalia jambo huku fedha yako ikiwa tayari mkononi.

Anza na kalenda

Hifadhi ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Sehemu kubwa ni msitu wa miombo, lakini uhai wake uko kwenye mbuga tambarare, Katisunga na zile zinazozunguka maziwa ya Katavi na Chada, ambazo zinanyweshwa na Mto Katuma. Wakati wa mvua mbuga hizo ni maji matupu. Kuanzia Juni zinakauka, na ikifika Septemba na Oktoba mto unabaki vidimbwi. Hapo ndipo viboko kwa mamia wanapobanana kwenye tope moja, wakigombana na kuumana, huku mamba wakijificha kwenye mapango ya kingo za mto wakisubiri mvua. Wanaoisifia Katavi husifia miezi hiyo.

Lakini Katuma umekuwa ukidhoofika, kwa sababu maji yake huchukuliwa huko juu kwa mashamba ya mpunga kabla hayajaingia hifadhini. Miaka mingine unakauka mapema. Kwa hiyo mpigie simu mwenyeji wako umuulize hali ya mto ilivyo wiki hii. Anayeishi pale atakujibu kwa jina la daraja na la dimbwi: Ikuu pakoje, Sitalike pakoje. Anayeuza safari akiwa mbali atakujibu kwa jumlajumla kwamba wanyama ni wengi sana, karibu.

Novemba hadi Aprili ni mvua. Udongo wa mbuga ni mweusi, wa mfinyanzi, na ukilowa hunasa gari hadi kwenye ekseli, haijalishi gari ni la aina gani. Kambi nyingi za ndani hufungwa kipindi hicho. Ukipiga simu kuulizia mwezi Machi na ukaambiwa “njoo tu, barabara safi,” uliza barabara ipi. Barabara kuu ya Mpanda kwenda Sumbawanga hupitika mwaka mzima. Njia ya kwenda Chada ni habari nyingine. Anayekujibu “Machi utaona msitu mzuri na ndege wengi, lakini mbugani sitakupeleka, tutaishia karibu na lango” ameshakupa sababu ya kumwamini.

Ziwa lina kalenda yake. Mei hadi Septemba, miezi ileile mizuri ya hifadhi, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu juu ya Tanganyika na kuinua mawimbi yasiyo na mchezo. Mvua zikikolea, mito humwaga tope na maji ya karibu na midomo yake hupoteza uangavu. Kwangu mimi Oktoba ndio mwezi unaokutanisha mambo: viboko bado wamebanana, upepo umelegea, na maji hayajachafuka. Joto lake ni kali kweli. Vaa kofia pana, beba maji, na panga mizunguko yako alfajiri na jioni.

Usiku wa kwanza Mpanda

Mpanda ni mji uliokuzwa na reli. Tawi la kutoka Kaliua lilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, na treni ya abiria kutoka Tabora inaendelea kuleta watu na mizigo yao. Tangu mkoa uanzishwe mwaka 2012 nyumba za kulala wageni zimeongezeka kwa kasi, kwa hiyo huna sababu ya kukubali chumba cha kwanza unachoonyeshwa.

Mwombe mhudumu akufungulie chumba kabla hujaandika jina kitabuni. Tandaza chandarua mbele ya taa uone kama kina matundu, maana Katavi malaria ipo, na chandarua chenye tundu la kidole hakina faida. Fungua bomba la bafuni. Likitoa hewa, uliza kama kuna tangi juu ya paa au utaletewa ndoo, na ndoo si tatizo ikiwa umeambiwa mapema. Funga mlango kwa ndani ujaribu komeo. Tazama wavu wa dirisha. Kisha tulia kidogo usikilize: gesti nyingi zimeungana na grosari au baa, na kinachoonekana kimya saa nane mchana kinaweza kuwa na muziki hadi usiku wa manane. “Dada, hapo jirani wanafunga saa ngapi?” ni swali la kawaida, na mhudumu mkweli atakwambia siku za wiki ni saa nne, lakini Jumamosi ni juu yako.

Kama unaondoka na basi la alfajiri, lala karibu na stendi na uvumilie kelele. Kama unasubiri gari la kukupeleka hifadhini, lala popote pale penye uwanja wa kuegesha na mlinzi. Ukiwa mjini nunua chakula cha siku zote utakazokuwa nje: mchele wa huku ni mzuri, asali ya Inyonga ina sifa zake, na migebuka mikavu kutoka ziwani haiharibiki njiani. Toa fedha benki au kwa wakala na ujaze mafuta hapa, kwa sababu mbele huduma ni chache.

Sitalike au ndani?

Sitalike iko chini ya kilomita 40 kusini mwa Mpanda, kwenye barabara ya Sumbawanga, na ndiyo makao makuu ya hifadhi. Hapa una njia tatu za kulala, kila moja na bei yake na usumbufu wake. Kuna mabanda na nyumba ya wageni za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, zilizo rahisi na safi, ambazo kwa familia yenye bajeti ya kawaida ndizo ninazozipendekeza kwanza. Kuna kambi binafsi kandokando ya Katuma. Halafu kuna kupiga hema ndani ya hifadhi, kwenye maeneo yaliyotengwa, ukiwa umejitosheleza kwa maji, chakula, gesi na taa.

Kambi za mtoni zina raha ambayo huwezi kuipata kwingine: unakunywa chai ukiwatazama viboko walio chini ya kingo, wakikoroma na kupulizia maji puani. Lakini kiboko hali majani ya mtoni tu. Usiku hupanda na kuja kula nyasi kati ya mabanda, na utamsikia akizing'oa hatua chache kutoka kichwani pako. Kwa hiyo kabla ya bei na kabla ya chakula, uliza choo kiko wapi. Kama kiko nje, hata hatua ishirini, uliza nani atakusindikiza usiku. Panapokuwa na mlinzi anayekesha, mwenye tochi kali, na mwenyeji anayewaambia wageni wote kwamba baada ya giza hakuna kutoka bila kuita, lala. Penye mwenyeji anayesema “hawa wamezoea watu, hawana shida,” ondoka. Kiboko hazoei mtu. Ukisimama kati yake na maji, au kati yake na mtoto wake, atakuja mbio, na mtu hawezi kumshinda kwa mbio.

Wenye watoto wadogo wachukue chumba chenye choo ndani, wasijadiliane na nafsi zao kwenye hilo. Na mahali popote utakapolala, chakula kisilale ndani ya hema: nyani watalichana mchana na fisi watakuja usiku.

Ndani kabisa zipo kambi za mahema za kifahari, kama Chada Katavi ya kampuni ya Nomad na Mbali Mbali Katavi. Bei zake huandikwa kwa dola na msafiri wa kawaida hushtuka. Kabla hujakata tamaa, uliza bei ya wakazi wa Afrika Mashariki. Kambi nyingi nchini zinayo ingawa haitangazwi sana, na watakuomba kitambulisho cha taifa kuthibitisha. Uliza pia ndani ya bei hiyo mna nini: chakula, vinywaji, gari la mizunguko, ada ya hifadhi, kodi. Kambi inayoonekana ghali ikiwa imebeba vyote hivyo inaweza kukaribiana na gharama ya kukodi gari kutoka mjini, kulilipia mafuta, kumlipa dereva na kupika mwenyewe. Piga hesabu kwenye karatasi.

Jambo la mwisho kuhusu malazi ya huku ni mbung'o. Miomboni wapo wengi na wanauma kupita nguo nyembamba, na baadhi huambukiza malale. Wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana utaona vitambaa vya rangi hizo vimetundikwa kama mitego kandokando ya njia. Acha jinzi nyumbani. Vaa kaki au kijani kilichofifia, mikono mirefu. Mwenyeji anayekwambia habari za mbung'o kabla hujalipa, akijua inaweza kukufanya uahirishe, ni mwenyeji wa kushikamana naye.

Dereva ndiye safari

Gari zuri na dereva mbovu ni hasara. Kama unakodi kutoka Mpanda, muulize mwenye gari kama ana leseni ya biashara ya utalii, ile inayojulikana kama TALA, inayotolewa chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Kisha nenda ukalione gari lenyewe, siku moja kabla. Tairi za akiba ziwe mbili, na ukanyage zote uone zina upepo. Jeki ndefu, koleo, kamba ya kuvutia, dumu la maji. Simu hupoteza mtandao mara tu ukiacha barabara kuu, kwa hiyo uliza: tukinasa Katisunga saa kumi jioni, tunamwitaje mtu? Dereva mzoefu ana jibu, kwa sababu imeshamtokea.

Ukiwa ndani, mpime kwa vitendo. Akizima injini mbali na tembo na kusubiri, ni mtu wa kazi. Akikwambia “shuka hapa bosi, upate picha nzuri” kwenye ukingo wa dimbwi la viboko, kataa, na ukirudi langoni omba mwingine. Kutembea kwa miguu Katavi kunaruhusiwa, lakini ni pamoja na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa utaratibu na malipo yake. Ninashauri kila mwenye afya ajaribu hata kwa saa mbili, maana ukiwa chini ndipo unaponusa msitu na kusoma nyayo.

Mwombe pia akusimulie habari za Katabi, mzimu uliolipa eneo hili jina lake, ambao Wabende na Wapimbwe wanauheshimu. Kuna mkwaju karibu na Ziwa Katavi ambapo watu wamekuwa wakipeleka sadaka tangu zamani. Anayelijua hilo na kulisema kwa heshima anaijua nchi, hajakariri majina ya wanyama tu.

Ada ya hifadhi hailipwi kwa noti langoni. Utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ulipe kwa simu au benki, ndipo upite. Mtanzania hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, kwa hiyo hakikisha aliyekuandalia safari amekuandikisha kwa uraia wako. Dereva akisema “nipe mimi fedha taslimu, nitamaliza na askari,” hapo umemjua. Ujue pia kwamba barabara kuu ya Mpanda kwenda Sumbawanga inapita katikati ya hifadhi. Abiria wa basi anaipita bila kulipa ada, ila kusimama na kushuka njiani kupiga picha hakuruhusiwi, na usiku twiga na viboko huvuka barabara bila taarifa.

Kushuka ziwani

Kutoka Mpanda kwenda Karema au Ikola ni zaidi ya kilomita 100 kuelekea magharibi, ukishuka milima ya Wilaya ya Tanganyika. Karema ina historia inayostahili siku yako moja. Wabelgiji walijenga kituo chao hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe; humo ndimo alimoishi Adriano Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa utabibu Malta, akawatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Siku hizi kuna bandari mpya inayotazamana na Kongo. Malazi ni gesti za kawaida: kanuni za Mpanda zinatumika, na chandarua kiangalie mara mbili.

Karema na Ikola usitafute duka la kupiga mbizi. Utapata wavuvi na boti za abiria. Hapo ndipo kigezo cha kukataliwa kinapookoa maisha. Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na upepo una nafasi kubwa ya kukusanya mawimbi kabla hayajakufikia. Nenda mwaloni jioni, wasalimie wazee, halafu uulize nahodha: “Kaka, kesho ziwa likoje?” Ukisikia “alfajiri linaendeka, baada ya saa nne siendi,” mpe kazi. Ukisikia “muda wowote wewe tu,” mshukuru na uende kwa mwingine.

Kabla hujapanda, hesabu jaketi okozi, kisha hesabu watu. Shika jaketi la mtoto uvute kamba zake. Angalia kama kuna injini ya pili au angalau makasia, chombo cha kukumbia maji, na mafuta ya kwenda na kurudi. Uliza cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Boti nzuri huwa nacho, na mwenye nacho hukitoa bila kununa. Meli kongwe ya MV Liemba, iliyoundwa na Wajerumani na kuzinduliwa mwaka 1915, ilikaa miaka mingi ikisubiri ukarabati, kwa hiyo usijenge ratiba juu yake mpaka uhakikishiwe Kigoma kwamba inasafiri.

Chakula nacho kinafuata ratiba ya ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Tanganyika yote kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Uliza kama kuna katazo la namna hiyo kipindi unachokwenda, na likiwepo, liheshimu. Anayekuuzia kuhe mbichi wakati huo anakuuzia samaki wa kesho.

Kupiga mbizi Kipili

Kipili na visiwa vyake, Lupita, Ulwile, Mvuna na vingine, unavifikia kwa kupitia Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, kisha unateremka hadi mwambao. Pale Kipili ipo Lake Shore Lodge, ambayo imejijengea jina kwa wageni wa ziwani, na wenye hema wana sehemu yao. Weka nafasi mapema na uliza waziwazi kama vifaa vya kupiga mbizi vinafanya kazi mwezi huo na kama mwalimu yupo. Sehemu za mbali kama hizi hutegemea mtu mmoja au wawili. Mwalimu akisafiri, huduma inasimama.

Kwanza amua kama unahitaji mtungi wa hewa. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, lakini uzuri wake hauko kilindini. Uko kwenye mawe ya ukingoni, mita mbili hadi tano chini ya uso wa maji, wanakoishi samaki jamii ya sikilidi, aina zaidi ya 250, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Kwa miwani na bomba la kupumulia utawaona wakilinda maeneo yao na kufukuzana. Utamwona mama akiwa na mashavu yaliyovimba, hali chakula, kwa sababu mayai yake yamo kinywani. Penye mchanga utaona makombe matupu ya konokono, na ukitulia bila kurusha miguu, kichwa cha samaki mdogo kuliko kidole kitachomoza kwenye kombe moja, kisha kingine, hadi utambue kwamba lile rundo lote ni mtaa wa watu wake. Asiye na cheti hakosi mengi hapa. Mtu akikusukuma ulipie mtungi ilhali hujui kuogelea vizuri, anajali fedha tu.

Kama una cheti na unataka mtungi, fanya uchunguzi ukiwa nchi kavu. Vuta hewa ya mtungi kwa pua na mdomo: isiwe na harufu ya mafuta wala moshi. Nenda ukaione kompresa inapojazia na uangalie bomba lake la kuvuta hewa liko upande gani. Likiwa karibu na moshi wa injini, hewa yako ina sumu isiyoonekana. Tazama tarehe ya upimaji iliyogongwa kwenye shingo ya mtungi. Weka kipumulio cha mtungi kinywani, vuta pumzi tatu huku jicho likiwa kwenye geji: mshale ukicheza na kushuka kila unapovuta, koki haijafunguliwa sawasawa. Mtungi uliojaa usome karibu na bar 200. Uliza oksijeni ya dharura iko wapi, na uombe uoneshwe chupa yenyewe.

Kuna jambo ambalo mwalimu wa ziwa asipolitaja, usizame naye. Uso wa Tanganyika uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, wakati majedwali ya kawaida ya kupigia mbizi yametengenezwa kwa bahari na hayafai bila kurekebishwa ukishapita mita 300. Kompyuta ya mkononi lazima iwekwe kwenye mwinuko sahihi, na muda wa kukaa chini upunguzwe. Halafu kutoka Kipili kwenda Namanyere gari linapanda nyanda za Ufipa, mamia ya mita zaidi, na mwili wenye naitrojeni haujui kama umepandishwa kwa ndege au kwa Land Cruiser. Anayepiga mbizi asubuhi na kuondoka mchana anajitafutia ugonjwa wa mgandamizo, na chumba cha kuutibu hakipo ukanda huu. Mgonjwa atasafirishwa hadi pwani. Acha siku nzima kati ya mbizi ya mwisho na kuondoka. Mwenyeji anayekunyima mbizi ya siku ya mwisho, hata ukimwahidi nyongeza, amekutendea wema.

Mamba wapo Tanganyika, na tabia yao hubadilika ghuba kwa ghuba. Usioge popote kabla hujawauliza wenyeji wa mahali hapohapo, siku hiyohiyo. Epuka midomo ya mito na sehemu zenye matete, ambako pia ndiko kichocho kinakopatikana zaidi. Ukishaogelea, nenda hospitali ukapime baada ya wiki sita hadi nane, hata kama hujisikii kitu. Yupo pia nyoka wa majini, jamii ya swila, anayekula samaki. Ukimwona muache apite, na usimguse wala kumzuia njia.

Fedha na ahadi

Lipa kwa awamu: kianzio cha kushikilia nafasi, sehemu kubwa ukifika na kuona. Malipo ya simu yaende kwenye jina la biashara, na kabla hujabonyeza uandikiwe ujumbe wenye tarehe, idadi ya watu, kilichomo ndani ya bei na, hasa kwa ziwa, nini kitatokea upepo ukizuia boti. Jibu la haki ni kuhamishiwa siku nyingine au kurudishiwa fedha ya boti. Usimpunje nahodha aliyekurudisha ufukweni kwa sababu ya mawimbi. Mlipe mafuta aliyotumia, ili kesho asione aibu kumrudisha mwingine.

Ukirudi, waambie wenzako ulikolala na aliyekuendesha, kwa mema na kwa upungufu. Wenye gesti na boti za huku wanapata wateja kwa midomo ya watu, na aliyefanya kazi vizuri anastahili kutajwa.

Kuhusu siku, usijidanganye. Mwenye siku tatu abaki Katavi na alale Sitalike. Akijaribu kuongeza ziwa atatumia muda wote barabarani. Ziwa pekee linataka siku tano kwa uchache ikiwa utapiga mbizi kwa mtungi, kwa kuwa siku ya mwisho si ya kuzama. Mwenye siku tisa au kumi mwezi Oktoba aanze Sitalike, ashuke Kipili, na aweke nafasi kabla ya Julai, maana vitanda vya huku ni vichache.